Fidia ya Quitunda: Mnazi una bei, mtu je?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Anayetoka Mtwara mjini, akavuka Mto Ruvuma pale Kilambo na kushika njia ya Namoto na Kionga hadi Palma, akisogea kusini kidogo kuelekea rasi ya Afungi atakikuta kijiji kisichofanana na vile alivyovipita njiani. Nyumba zimejipanga kwa mistari. Kuta ni za saruji, mapaa ni ya bati, barabara za mitaa zimenyooka, na jirani yake kuna uzio mkubwa wa mradi wa gesi. Kijiji hicho ni Quitunda. Kwa sikio letu ni Kitunda tu. Hiyo "qu" ni tahajia ya Kireno, kama ilivyo kwa Quionga, ambayo sisi wa upande huu tunaiita Kionga.

Kwa mchuuzi wa vitunguu au vitenge anayekiona kijiji hicho kwa mara ya kwanza, fikra inayomjia ni moja: hapa pana fedha. Wala hajakosea. Wenyeji wa Quitunda ni watu waliolipwa. Walihamishwa kutoka vijiji vya Afungi kupisha mradi, wakapewa nyumba mpya, shamba la kufidia na fedha taslimu kwa miti na mazao yao. Katika wilaya ambayo kaya nyingi huishi kwenye nyumba za udongo na makuti, jirani aliyepewa nyumba ya saruji yenye choo na maji huonekana ameula.

Ila ukiuliza kama wameneemeka, jibu linakuwa refu. Jibu hilo linatuhusu sisi tunaovuka mipaka kutafuta riziki, kwa sababu gesi ya Palma imerudi kwenye mazungumzo ya sokoni. Wapo wanaopanga kuhamishia mitaji yao huko. Kabla hatujafunga mizigo, inafaa tuulize Quitunda imetufundisha nini kuhusu utajiri, kuhusu thamani ya mtu, na kuhusu furaha ambayo wengi wetu tunadhani inauzwa pamoja na mali.

Gesi ilivyobisha hodi

Mwaka 2010 kampuni ya Kimarekani ya Anadarko iligundua gesi asilia chini ya bahari katika bonde la Ruvuma, upande wa Msumbiji. Ni mwaka huohuo Daraja la Umoja lilipofunguliwa kati ya Mtambaswala na Negomano, na marais wa wakati huo, Jakaya Kikwete na Armando Guebuza, wakashikana mikono juu ya mto. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Cabo Delgado tukajiona tumekaa juu ya kisanduku cha dhahabu.

Uamuzi wa mwisho wa kujenga mradi ulitangazwa Juni 2019. Gharama iliyotajwa ilikuwa Dola za Marekani bilioni 20, kwa mitambo miwili ya kusindika gesi kuwa kimiminika, yenye uwezo wa takriban tani milioni 13 kwa mwaka. Septemba mwaka huo kampuni ya Total ya Ufaransa, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, ilinunua hisa za Anadarko na kushika usukani.

Mitambo hiyo ilihitaji ardhi, takriban hekta 7,000 za Afungi. Juu ya ardhi hiyo walikuwapo watu: wakulima wa mihogo, wenye minazi na mikorosho, wavuvi wa vijiji kama Quitupo na Milamba. Kaya zaidi ya 500 zilipangiwa kuhama, na nyingine nyingi zilipoteza mashamba au maeneo ya kuvua ingawa hazikuhamishwa. Quitunda kilijengwa kwa ajili yao, nyumba zenye ukubwa wa meta za mraba 70, na mwaka 2019 familia za kwanza zikaingia.

Watu hawa si wageni kwetu. Pwani ya Palma ndiyo Tungi ya zamani, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoitwaa mwaka 1887, enzi za Seyyid Barghash. Kionga nayo ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, kisha Wareno wakaingia mwaka 1916. Mpaka umekuwa ukihama huku watu wamekaa palepale, Kiswahili chao midomoni, ndugu zao pande zote mbili. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Mtwara akifika Palma hahitaji mkalimani wa kumwambia bei ya nazi.

Daftari la wathamini

Sisi wauzaji tuna msemo wetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mradi nao ulikuwa na daftari lake. Wathamini walipita shamba kwa shamba wakihesabu. Mnazi unaozaa, bei yake. Mche, bei yake. Mkorosho, mwembe, tuta la mihogo, banda la kuku, nyumba ya makuti. Makaburi ya wazee nayo yaliingia kwenye hesabu, kwa kuwa hayo pia yalikuwa ndani ya eneo.

Ardhi yenyewe haikuwa na bei. Kwa sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997, ardhi ni mali ya dola. Raia ana haki ya kuitumia, ambayo kwa Kireno hujulikana kama DUAT. Kwa hiyo mtu hulipwa kilichosimama juu ya udongo, na udongo wenyewe hufidiwa kwa udongo mwingine.

Tuseme ukweli: kulipa fidia ni haki, na kutolipa kungekuwa dhuluma. Tatizo ni kwamba daftari lina safu za vitu vinavyohesabika tu. Mvuvi wa Milamba alijua mwamba ulipo bila kuuona. Alijua siku za bamvua na siku za maji mafu, alijua upepo wa kusi unapoanza kuvuma. Mkewe alijua pa kuokota pweza na kombe maji yakipwa. Ujuzi huo ndio uliomfanya aitwe fundi, aulizwe shauri, aozeshwe binti wa watu. Mhamishe mtu huyo kilomita kadhaa kutoka ufukweni, mpe nyumba ya saruji, halafu mwambie atapelekwa baharini kwa gari. Nyumba yake imepanda thamani. Yeye mwenyewe je?

Na mkulima aliyekuwa akiitwa mwenye shamba, sasa anasubiri kuonyeshwa shamba. Hapo lilizuka jambo lingine ambalo wengi hawakulitarajia. Mashamba ya kuwapa waliohamia Quitunda yalipaswa kutoka kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa jirani: watu wa vijiji kama Senga na Mondlane, ambao nao walitakiwa waachie sehemu ya ardhi yao na kusubiri fidia yao. Waliopewa waliwaonea haya waliowapisha. Waliowapisha waliwaona wenzao wamependelewa.

Mwaka 2023 daktari na mwandishi wa Kifaransa Jean-Christophe Rufin, aliyeombwa na TotalEnergies kuchunguza hali ya kibinadamu Cabo Delgado, alitoa ripoti iliyoeleza kuwa kazi ya kuwahamisha watu ilikuwa haijakamilika na kwamba watu walikuwa wamesubiri mno. Baada yake kampuni iliunda mfuko wa maendeleo wa Dola milioni 200 kwa muda wote wa mradi. Jina lake halihitaji tafsiri kwa msomaji wa gazeti hili: Pamoja Tunaweza.

Siku Quitunda kilipogeuka kimbilio

Lakini kabla ya ripoti hiyo palikuwa na Machi 2021.

Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Vikapanda na kushuka, vikavuka hata mto: Oktoba 2020 wapiganaji walishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, na familia za upande wetu zikalia. Tarehe 24 Machi 2021, siku ileile ambayo Total ilikuwa imetangaza kurejea kazini baada ya kusimama kwa miezi kadhaa, Palma ilivamiwa.

Watu walikimbia kuelekea kila upande. Wengine waliingia porini, wengine walishika njia ya Ruvuma, na maelfu kwa maelfu walikimbilia Quitunda kwa sababu kilikuwa jirani na kambi ya Afungi iliyolindwa na wanajeshi. Mtaa uliojengwa kwa familia mia kadhaa ukageuka kimbilio la wilaya. Vibaraza vikajaa. Nyumba ya vyumba vichache ikalaza watu wasiojuana majina. Walikaa hapo kwa wiki na miezi wakisubiri chakula, wakisubiri meli ya kwenda Pemba.

Tarehe 26 Aprili mwaka huo Total ilitangaza kuwa imesimamisha mradi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Dola bilioni 20 zikalala.

Hapo ndipo mtu anapoweza kuiangalia Quitunda kwa jicho jingine. Kwa wiki zile, fedha ya fidia haikuweza kununua usalama, wala boti, wala hata unga, maana hapakuwa na wa kuuza. Kilichobaki kuwa na thamani ni kama mwenye mlango ataufungua. Wale waliokuwa wakionewa wivu kwa nyumba zao za saruji ndio waliokuwa na paa la kugawana. Hakuna mthamini aliyewahi kuandika safu ya jambo hilo.

Watafiti wanasemaje kuhusu fedha na furaha?

Swali la fedha na furaha si la Palma peke yake. Mwaka 1974 mchumi wa Kimarekani Richard Easterlin alionyesha jambo lililowashangaza wenzake: ndani ya nchi, matajiri husema wana furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikiongezeka utajiri mwaka hadi mwaka, furaha ya wananchi wake haipandi kwa kiasi hicho. Maelezo mojawapo ni kwamba mtu hupima alichonacho kwa kuangalia cha jirani. Jirani akipanda pamoja nawe, hujioni umepanda.

Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, wote wawili washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, walichambua majibu ya Wamarekani zaidi ya 450,000. Waliona kuwa hali ya moyo ya kila siku, yaani kucheka, kuhuzunika na kuwa na wasiwasi, huboreka kadiri kipato kinavyopanda hadi kufikia Dola 75,000 hivi kwa mwaka, kisha hutulia hapo. Mwaka 2023 Kahneman alirudi na watafiti wenzake, akiwemo Matthew Killingsworth aliyekuwa amempinga, wakasahihisha: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda hata juu ya hapo. Wasiosaidiwa na nyongeza ya fedha, kipato kikishafika kiwango fulani, ni wale ambao tayari wana huzuni kubwa. Jeraha la moyo halitibiwi kwa hundi.

Tusijidanganye basi kwa kusema fedha haina maana. Anayesema hivyo mara nyingi ameshakula. Fedha humwondolea mtu fedheha ya kukopa chumvi, humpeleka mtoto hospitali usiku, humpa mama wa sokoni uwezo wa kukataa bei mbaya. Utafiti uliofanyika karibu na nyumbani unathibitisha hilo. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha bila masharti. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliofuatilia waliona waliopewa wamekula vizuri zaidi, wamenunua mifugo na bati, na nafsi zao zimetulia.

Ila kulikuwa na upande wa pili. Watafiti haohao walipowauliza majirani ambao hawakupewa, waligundua kuwa kuridhika kwao na maisha kulishuka. Hawakuwa wameibiwa kitu. Mbuzi wao walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba mwenzao kapanda na wao wameachwa. Sasa iangalie tena Quitunda na vijiji vinavyoizunguka, kisha ongeza juu ya wivu huo ardhi iliyochukuliwa na fidia iliyochelewa. Utaelewa kwa nini fedha nyingi inayoshuka mahali padogo huleta pia baridi kati ya watu.

Mwenye mawe na mwenye ulinzi

Tunao matajiri wetu wa kujifunza kwao. Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa Sh bilioni 7.74. Rais John Magufuli alimpigia simu hadharani kumpongeza. Miezi michache baadaye akauza jiwe la tatu.

Kilichovutia ni alichosema baada ya hapo. Laizer, baba wa watoto zaidi ya 30, alisema atajenga shule karibu na kwake Simanjiro, kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma, na kwamba maisha yake hayatabadilika, ataendelea na ng'ombe wake 2,000. Jiwe lilimkuta mtu ambaye tayari anajijua ni nani. Alikuwa mfugaji, mzee wa boma, mtu wa watu. Fedha ikaingia mahali palipokuwa na msingi, na haikulazimika kuwa ndiyo msingi.

Upande mwingine, Oktoba 2018 Watanzania waliamka na habari kuwa Mohammed Dewji, mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika, ametekwa alfajiri hotelini Dar es Salaam alikokwenda kufanya mazoezi. Alirejea siku tisa baadaye. Siku zile tisa mama wa kuuza mihogo wa Kariakoo alikuwa huru kutembea kuliko yeye. Hatusemi hivyo kumcheka; tunasema kwa sababu wengi wetu huona upande mmoja tu wa utajiri mkubwa, ule wenye magari.

Na nchi nazo huingia mtego uleule wa mtu binafsi. Kwa kutarajia gesi, Msumbiji iliingizwa mwaka 2013 na 2014 katika mikopo ya zaidi ya Dola bilioni 2, mingi ikifichwa bunge lisijue. Ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisitisha misaada yao na sarafu ya metikali ikaporomoka. Wale waliokuwa wakibadilisha fedha Namoto wanaikumbuka hali ile. Waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024. Nchi ilitumia utajiri kabla haujafika, na maskini ndiye aliyelipa.

Baba mdogo na vyumba kumi na viwili

Hapa naomba msomaji aniruhusu niseme la nyumbani, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Mtwara na gesi ilipita mlangoni kwetu pia.

Mwaka 2012 mji wetu ulikuwa umechangamka. Wageni walijaa, kodi za nyumba zilipanda, kila aliyekuwa na kiwanja alijiona mfalme. Baba yangu mdogo alikuwa na duka la mchele na maharage sokoni kwa takriban miaka 20. Akachukua mkopo benki, akajenga gesti ya vyumba kumi na viwili kwa ajili ya wafanyakazi wa gesi. Mwaka wa kwanza vilijaa. Watu wakaanza kumwita bosi. Aliacha kukaa dukani, akamwachia kijana. Aliacha pia kukaa barazani na wenzake jioni, kwa sababu, kama alivyokiri baadaye, alihisi wote wanataka kumkopa.

Mwaka 2013 yakaja maandamano ya "gesi haitoki" na vurugu za Mei ambazo sote tunazikumbuka kwa majonzi. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likamalizika na kuzinduliwa mwaka 2015. Wageni wakaondoka. Vyumba kumi na viwili vikabaki na mapazia yake. Deni halikuondoka. Gesti ikauzwa, na baba mdogo akakaa ndani karibu mwaka mzima. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaona aibu kupita sokoni bila mali. Alikuwa ameamini kwamba mali ndiyo yeye, na mali ilipokwenda hakujua aliyebaki ni nani.

Aliyemtoa ndani alikuwa mfanyabiashara wa jumla ambaye walikuwa wakiuziana tangu zamani. Alimfuata nyumbani, akamwambia kuna magunia kumi ya mchele yanamsubiri. Mali kauli. Hakudai hati, hakudai dhamana. Miaka yote 20 baba mdogo hakuwahi kuchelewesha senti yake, na kwa yule mzee hilo lilikuwa bado halijauzwa na benki.

Leo baba mdogo ana kibanda tu, si duka. Barazani amerudi. Sijawahi kumwuliza kama ana furaha, swali hilo halina heshima kwa mtu mzima. Ila nasikia anavyocheka.

Mradi umerudi, tujipange vipi?

Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio lililosimamisha mradi tangu 2021, ikilenga kuanza kutoa gesi mwaka 2029. Vikosi vya Rwanda vilivyoingia Cabo Delgado Julai 2021 vilisaidia kuirejesha Mocímboa da Praia mwezi uliofuata na kuufanya ukanda wa Palma upitike tena, ingawa mashambulizi mkoani hayajakoma. Gesi ya meli ya Coral Sul, inayosindikwa baharini bila kugusa nchi kavu, inauzwa nje tangu Novemba 2022. Sheria ya Desemba 2023 imeunda mfuko wa taifa wa akiba utakaochukua asilimia 40 ya mapato ya gesi kwa miaka 15 ya mwanzo. Safari hii angalau kuna daftari la taifa.

Kwa hiyo fedha zitaonekana tena Palma na Quitunda. Wafanyabiashara wa Mtwara, Masasi na Tunduru tayari wanazungumzia mchele, unga, vitunguu, nondo na vyumba vya kupangisha. Kwenda ni haki yetu. Tanzania na Msumbiji wote ni wanachama wa SADC, na bidhaa yenye cheti cha uasili ina nafuu ya ushuru. Anayedhani taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitamvusha Namoto ajue Msumbiji si mwanachama wake. Aende na nyaraka zake, aulize hali ya usalama kabla ya kuvuka, na asikope kwa kutegemea mteja mmoja anayeweza kufunga kambi kesho asubuhi.

Ila kuna namna ya kwenda. Mahali palipolipwa fidia sisi wachuuzi huwa wa kwanza kufika, na tunajua tunavyofanya. Bei ya pikipiki hupanda siku malipo yanapotoka. Kilo hupungua uzito. Mzee ambaye hajawahi kushika metikali nyingi kwa mpigo huuziwa televisheni nyumbani kwake kabla hajapata shamba la kupanda mihogo. Tunahesabu faida, tunavuka mto tukiimba. Yeye anabaki na risiti. Mwaka mmoja baadaye hana fedha wala mnazi, na sisi tunasema kwamba watu wale hawajui kutumia pesa.

Mtu wa Quitunda ameshathaminiwa mara moja na wenye daftari. Asithaminiwe mara ya pili nasi kwa unene wa mfuko wake tu. Tukimwuzia nyavu, jembe, mbegu, bati la kweli na kilo iliyotimia, tutakuwa na mteja wa miaka 20, si wa wiki mbili. Na siku kambi itakapofungwa tena, kama ilivyofungwa 2021, au bei ya gesi itakapoanguka huko duniani, kitu pekee tutakachokuwa nacho upande ule wa mto ni majina yetu.

Utajiri mkubwa ni kitu kizuri ukimkuta mtu, lakini haumtengenezi. Utu una soko lake, nalo halina ubao wa bei. Lina watu wanaokumbuka. Baba mdogo alilipata soko hilo siku aliyokuwa hana kitu. Magunia yale kumi alimaliza kuyalipa kwa miezi minne, na siku aliyopeleka sehemu ya mwisho yule mzee wa jumla hakuhesabu. Aliziweka noti kwenye droo, akamwuliza wiki ijayo atachukua mangapi.